Nyumba ya Mabati ya Shemeji Nekesa

Watu wa Nairobi wakija Longech hupiga picha za ziwa na za ngamia, kisha hao, wamekwenda. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumpiga picha shemeji yangu Nekesa, na huyo ndiye angewaeleza mji huu ni wa akina nani.

Mimi ni Lomorukai, mdogo wa marehemu mume wake, Ekuru. Kazi yangu ni kuchaji simu za watu kwa sola. Mtu akisubiri simu yake ijae huwa anaongea, kwa hiyo habari za mji huu nazipata bila kuziomba.

Longech ni makazi ya wavuvi kando ya Ziwa Turkana, karibu na Kalokol. Babu zetu walikuwa wafugaji. Ukame ulipomaliza mifugo yao walishuka ziwani kutafuta samaki, na wenye ng'ombe wakawacheka sana. Baadaye wakaja wanunuzi kutoka magharibi, Waluhya na Wajaluo, na magunia yao na chumvi yao, na Kiswahili nacho kikaja nao. Siku hizi samaki wetu waliokaushwa wanaliwa mpaka kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Mkongomani wa huko akipiga simu kuagiza, Kiswahili chake kinatuchekesha, na nadhani chetu kinamchekesha zaidi.

Kwa hiyo sisi tuna lugha mbili, na kila moja ina kazi yake. Kiswahili ni cha sokoni, cha mhubiri na cha mgeni. Kiturkana ni cha nyumbani. Ndicho tunachobembelezea watoto, na ndicho tunachomtukania mtu tunayempenda. Hilo nakuomba ulishike, maana bila hilo hutaelewa kilichompata shemeji.

Nekesa alikuja hapa akiwa msichana kutoka Webuye, Mluhya mnunuzi wa samaki. Kaka yangu Ekuru alimwona, na tangu siku hiyo akawa anamwongezea samaki kwenye kila gunia. Baba alipogundua alisema heri amuoe kabla hajatufilisi. Ng'ombe dume akachinjwa, na Nekesa akawa mke wa kwetu.

Sasa, kwetu nyumba hujengwa na wanawake. Mwanaume anaweza kuleta fito, lakini kuzipinda, kuzifunga na kuezeka majani ya mkoma ni kazi ya mke na majirani zake. Nekesa alikuwa hajui lolote. Nyumba yake ya kwanza aliigeuza mlango upande unakotoka upepo, na upepo wa huku hauna adabu. Uliiezua kabla hajapika chakula cha kwanza. Jirani yetu Nakiru alikuja, akamtukana kwa Kiturkana tangu asubuhi mpaka jioni huku akimfundisha kufunga. Nekesa alijifunza nyumba na lugha kwa mpigo mmoja. Wakawa marafiki wa kugawana hata ugoro.

Ekuru alifariki. Binti yao Sally akasoma, akapata kazi ya ofisini mjini Lodwar. Kisha ziwa likaanza kupanda. Lilikuja taratibu, bila kelele. Leo limefika kwenye vibanda vya samaki, kesho kutwa limeingia kanisani. Mwishowe mji mzima ukahamia juu, kwenye mchanga mkavu, na wanawake wakaanza kujenga upya, leo kwa huyu, kesho kwa yule.

Nekesa alikuwa na goti bovu. Kupanda juu ya fito kufunga kamba hakuweza tena, na hakutaka kuwa mzigo kwa wenzake wakati kila mmoja alikuwa na nyumba yake ya kujenga. Akampigia simu Sally. Sally, mtoto mwema, akamtuma fundi mmoja aitwaye Mike kutoka Lodwar na lori la mabati. Nyumba ikasimama upesi, inang'aa, mpaka ukiitazama mchana macho yanauma.

Basi wanawake wakaacha kuingia kwake.

Hapakuwa na ugomvi. Wakipita walimsalimia vizuri sana, na hapo ndipo palikuwa na ubaya. "Habari ya asubuhi, Mama Sally?" Kwa Kiswahili! Wanawake waliokuwa wakimwita Nekesa tu, wakimwambia ejok, salamu yetu ya nyumbani, na kumtania miguu yake, sasa walikuwa wanamsalimia kama mnunuzi aliyeshuka kwenye lori jana. Hata Nakiru. Mimi niliona ni wivu wa mabati, nikacheka. Mimi mwanaume, mambo ya nyumba najua nini?

Nekesa hakucheka. Jioni moja alikuja kwangu, akaketi, na simu hakuwa ameleta.

"Shemeji," aliniambia, "nimeishi hapa miaka mingi kuliko niliyoishi kwetu. Nimezika mume hapa. Leo nasalimiwa kama mgeni. Nimechoka. Sally anasema niende Lodwar, na nitaenda."

Niliumia, sitaficha. Nilimwambia kaka yangu angemkataza. Akanijibu kwamba kaka yangu hayupo, na waliopo hawamtaki.

Akafunga mizigo. Sally akapanga kuja na pikapu Jumamosi. Ijumaa asubuhi Nekesa akachukua sufuria yake kubwa, ile ya sherehe, akanishika mkono nimsindikize kwa Nakiru. Goti lilikuwa linamuuma.

Nakiru alikuwa nje ya nyumba yake mpya, anapasua samaki. Alipotuona alijifuta mikono.

"Karibu, Mama Sally. Kaa hapa kwa kivuli," alisema, kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Sikai. Nimekuletea sufuria. Kesho mimi naenda Lodwar kabisa."

"Ni vizuri," Nakiru alisema. "Lodwar iko na stima. Iko na mafundi mingi."

"Ndiyo, iko."

"Watakujengea mzuri. Si kama sisi."

Nekesa aliweka sufuria chini. "Kama nyinyi? Nakiru, nimekukosea nini? Kwa sababu mimi ni Mluhya ndiyo hamwingii nyumbani kwangu?"

Hapo Nakiru alisimama. Kisu bado kilikuwa mkononi, nikarudi nyuma kidogo. Kiswahili kilimwishia palepale.

"Punda wewe!" alifoka kwa Kiturkana. "Mluhya gani? Nilikufundisha kufunga nyumba kwa mikono hii. Ziwa limetufukuza sote, tunajengeana sote, wewe unaenda kuita mwanaume wa Lodwar akujengee! Mimi nimekufa? Mikono yangu imeanza kunuka? Niingie kwenye nyumba ambayo sikufunga hata fundo moja, niketi wapi humo, kama nani?"

"Goti langu ni bovu! Sikutaka kuwasumbua!"

"Nani alikwambia tunasumbuka? Nani alikuomba goti? Ungekaa chini kama gunia la chumvi, utupe majani, sisi tufunge! Kichwa kigumu! Hata ulipokuja ulikuwa hivyo, na mlango wako ukiutazamisha upepo!"

Aliendelea, na mengine siwezi kuyaandika, maana kuna watoto wanaosoma. Nekesa alikuwa analia. Lakini nilimtazama vizuri, nikaona uso wake unafunguka. Kila tusi lilikuwa kwa Kiturkana. Akamjibu kwa tusi lake moja, kwa lafudhi ile ya Webuye isiyokwisha, na Nakiru akaangua kicheko mpaka akadondosha kisu.

Jumamosi pikapu ilipofika, Sally alikuta mizigo mlangoni na kando ya nyumba ya mabati fito zimeshapindwa. Wanawake walikuwa juu na chini wanafunga. Mama yake aliketi mchangani, anagawa majani. Ile ya mabati ilishaamuliwa kuwa stoo ya samaki, na joto lake nakuambia linawakausha vizuri.

"Mama, mizigo vipi sasa?" Sally aliuliza. "Dereva anangoja."

"Mwambie arudi. Vua viatu, njoo ushike hapa."

Sally alivua viatu vyake vya ofisini, akapewa kamba, akafunga alivyoweza. Nakiru akalisogelea lile fundo, akalivuta kwa kidole kimoja, likafunguka. Akamgeukia msichana wa watu na kummiminia matusi ya Kiturkana, yote kwa pumzi moja.

Sally alishtuka, akamtazama mama yake amtetee. Nekesa alikuwa anajifuta machozi kwa kucheka.

"Mjibu," alimwambia. "Anakusalimia."