Kiti Upande wa Kulia

Juzi nilikwenda Temeke kumjulia hali jirani wa zamani, nikakuta vijana wawili wanamnyanyua baba yao mgonjwa kwa kumvuta makwapani, kama wanaopakua gunia la mkaa. Nilipiga ukelele. Walinitazama wakidhani nimechanganyikiwa, na kweli nilikuwa nimechanganyikiwa, maana nilikuwa namwona bibi yangu.

Bibi alipooza upande wa kulia zama zile Mwingereza bado anatawala, nami nikiwa msichana wa miaka tisa hivi. Kila asubuhi, uani kukinukia vitumbua, mama alimhamisha kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha mikono, kisha tukakikokota taratibu hadi mlangoni, ambako alisalimiana na mtaa mzima. Muuguzi wa zahanati alikuwa ametufundisha. Kiti kikae karibu, upande ulio mzima. Mgonjwa afungwe kanga kiunoni, ndiyo ya kumshikia. Goti lako likinge goti lake bovu, ainame mbele, halafu mnyanyuke pamoja. Mkono uliopooza usivutwe abadani.

Mimi mambo haya yalinivuruga. Chuoni, tulikosomea Kurani, mwalimu alituchapa ili tujue kwamba kila jambo la heri huanza kwa kulia: kula, kutoa, hata kuvaa viatu vya kubadhi. Nyumbani heri yote ilikuwa imehamia kushoto. Bibi mwenyewe aliona haya kula kwa mkono wa kushoto. Wageni wakiwepo alisema ameshiba, kumbe ana njaa.

Asubuhi moja mama alikwenda bombani kuteka maji. Dada yake Bibi alikuwa njiani kuja kututembelea, na Bibi alitaka amkute amekaa mlangoni. Nikamfunga kanga vizuri. Nikaweka kiti. Nilikiweka kulia, na mpaka leo sijui kwa nini. Aliponyanyuka, mguu ule usio na nguvu ukakunjika, tukaanguka wote wawili, mimi chini na yeye juu yangu.

Mama aliporudi, ndoo ilimponyoka. Alipoona Bibi hakuvunjika, hofu ikageuka hasira.

"Basi tena! Mama, hushuki kitandani mpaka upone."

Sote tulijua kwamba hatapona. Mlango ule ndio uliokuwa dunia yake yote, na mimi ndiye niliyeufunga. Nililia kwa kwikwi.

"Usimwonee mke mwenzangu," Bibi alisema kwa ulimi wake mzito. "Mie ndiye nilomwambia aweke kulia."

Mama akaokota ndoo yake. Kesho yake alisimama pembeni akinitazama nikiweka kiti kushoto, na sikuthubutu kuvuta pumzi mpaka Bibi alipokaa.

Lakini je, kweli Bibi aliniambia niweke kulia? Sikumbuki. Huenda hakutaka dada yake aje amkute akiegemea kushoto kwa kila kitu. Huenda alidanganya ili kunisitiri. Nyumba ile imevunjwa, pamejengwa fremu za maduka. Mama ametangulia, na wanaoujua mlango ule hawapo. Bibi aliishi miaka miwili baada ya siku ile, na kila asubuhi nilimshika kiuno, uso kwa uso, nisimwulize. Niliogopa kusikia kwamba kosa ni langu. Leo ningekubali liwe langu lote, mradi aniambie yeye.