Tanuri Tano za Phares Ondiek

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hawakutuambia mhunzi aliyevunjikiwa na koleo tano afanyeje.

Phares Ondiek, mwokaji mikate wa Mbotela, alikuwa amepitia bekari tano kwa miaka kumi na miwili. Sasa bekari moja ya mtaa wa Fedha ilitafuta fundi mkuu wa tanuri, na kwa umri wake wa miaka hamsini na mitatu alijua hii ndiyo nafasi ya mwisho. Akaenda kwa Kawsar, binti mwenye saiba, duka la kompyuta na intaneti, pale mtaani, amchapie wasifu wake.

"Mzee, hii CV itakuangusha," Kawsar alisema. "Wataona unarukaruka tu. Kwani ulikuwa unafutwa?"

"Sijafutwa hata siku moja. Nilienda kuzika."

Phares ndiye kifungua mimba kwao. Msiba ukitokea, hawezi kutupa udongo kaburini leo na kupanda basi kesho; hukaa hadi matanga yaishe. Mabosi nao walitoa siku tatu. Kwa hiyo kila mara alimpeleka jirani amshikie kazi, na kila alfajiri akampigia simu kutoka matangani kumwelekeza: ongeza maji, punguza moto. Akirudi, alimkuta jirani ameshaiva kazini na ana watoto wa kulisha. Phares hakuwa na roho ya kumwondoa. Wengi walimwita mjinga, naye hakubisha.

Kawsar aliacha kuchapa. "Hao majirani bado wako kazini?"

"Wote watano."

Kawsar akafuta orodha ya tarehe, akaandika: Mwokaji kwa miaka kumi na miwili. Amefundisha waokaji watano, na wote bado wako kazini. Chini akaweka namba zao za simu.

Muthoki, meneja wa bekari ya Fedha, aliwapigia wote.

"Wamekusifu, na mmoja amelia," alimwambia Phares siku ya mahojiano. "Lakini hata hapa msiba ni siku tatu. Ukifiwa, utatuacha?"

Phares aliwahesabu vidoleni wale aliowazika. Baba, mama, ndugu wawili, na mwaka jana Aoko, mkewe, ambaye hakujaaliwa kupata naye mtoto.

"Sitawaacha, madam. Wa kuzika wamekwisha."

Muthoki alifunga faili taratibu, akamwambia aanze Jumatatu.

Nje, kwa mazoea, Phares alitoa simu haraka awape habari watu wa nyumbani. Kidole kikasimama juu ya jina la Aoko, ambalo hakuwa amelifuta. Mwishowe akampigia Kawsar.