Bashefu ba vita mu salon yetu ya Kapata

Leo wazee ba fiancé yangu balikatala kuikala mu fotei yetu. Bote bane!

Munajua ile bakusen, mito ya fotei, ninashonaka, yenye sura ya bashefu ba vita ba zamani, manyoya ya ndege ku kichwa, mukuki mu mukono? Asubuhi niliipanga mu fotei yote. Wazee balikuwa banatoka Tenke kuja kuniposa, nilitaka baone kazi ya mikono yangu.

Baliingia, balisalimia, kisha balibakia wima.

Mama anasema: «Batata, muikale.»

Baliangaliana, kisha bakaangalia fotei.

Nikawaza, ndoa imekwisha.

Tata mukubwa wa fiancé akatosha kofia: «Mama, kwetu mutu haikale juu ya uso wa shefu.»

Mama akakimbia kutosha bakusen. Mzee akamukataza. Alibeba shefu mumoja, akaikala, akamupakata ku magoti, uso ukiangalia batu. Benzake bakafanya vile vile.

Bandugu, posa yangu ilizungumuzwa mbele ya bashefu bane ba vita! Niliuma midomo nisicheke.

Kisha mzee: «Nani alishona?»

«Ni mi, tata.»

Aliangalia ile nyuzi pole pole.

«Huyu binti tunamubeba. Na huyu shefu pia.»

Akapanda pikipiki ya taxi-moto na shefu kwapani!

Na papa yangu, mwenye alikuwa analalia bale bashefu kila siku? Saa hii anaangalia tele na shefu ku magoti.

Na nyie, semeni kweli: kwenu mungeikalia ao mungepakata?