Mfupa Uliofutwa Ukutani

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu alinipa brashi na ukuta wa darasa mtaani Pipeline, akaniambia nichore mstari mmoja ulionyooka. Niliurudia hadi saa ya chakula cha mchana. "Kijana," akasema, "huo mstari unauchora ama unauposa?"

Nilistaafu nikiwa na miaka ishirini na saba, kwa hiyo msitarajie busara. Tulichora chati za masomo kwenye kuta za shule: ramani, moyo, jicho. Mimi sikusomea. Mwili wa binadamu niliujifunza kwa vitabu vya mitumba, na usingizi ulinipotea nikihofia nimekosea ubavu mmoja.

Katika shule ya mwisho nilipewa mifupa. Nilikuwa nimesoma kwamba ndani yetu mna mabaki ya viungo vilivyowafaa mababu wa mbali sana: misuli ya kutikisa masikio, ambayo kwa wengi wetu haitikisi chochote, na kifandugu, vifupa vya mwisho vya uti wa mgongo, pale mkia ulipokuwa. Huo ni ushahidi wa mageuko ya viumbe. Mimi nisiyevumilia doa nilifadhaika kujua kwamba hata mwili haukumalizwa kusafishwa. Nikakichora kifandugu kwa uangalifu, na maelezo yake kando.

Dairekta, mwenye shule, akaingia. "Nani amemwekea huyu mtu mkia?"

"Ni kifandugu, Madam. Hata wewe unacho."

"Mimi? Watoto wa hapa hawakutoka kwa nyani. Futeni, ama mtoke na ndoo zenu."

Mashine za kuchapa mabango zilikuwa zimetumaliza. Hatukuwa na shule nyingine. Fundi Mkuu akaniangalia. "Futa."

"Mzee, na wakiulizwa kwenye mtihani?"

"Wao wataulizwa mtihani. Mimi nyumbani naulizwa unga."

Mkono wangu ulikataa. Akainama mwenyewe na rangi nyeupe, akafuta maneno, kisha mfupa. Alipoinuka aliniuliza kwa sauti ya chini, "Kwani hata mimi ninacho?"

"Unacho, mzee."

"Haya. Osha brashi."

Hatukupata kazi tena. Sasa nauza rangi mtaani Ziwani, na sijawahi kumlaumu; alikuwa na watoto, mimi nilikuwa na wasiwasi tu. Lakini shule ile bado ipo. Kila asubuhi wanafunzi huketi mbele ya mchoro wangu, wameukalia mfupa ambao mtu wa ukutani hana.