Gari la Shemasi Kabla ya Baraka

Fuatino Leavasa alipata leseni ya udereva tarehe 14 Machi 2023, akiwa na miaka hamsini na mmoja, baada ya kushindwa jaribio mara mbili. Ni mpishi wa shule huko Lotofaga, kusini mwa kisiwa cha Upolu. Aliamua kujifunza kuendesha siku figo za mama yake zilipogoma.

Mama yake, Peta, husafishwa damu mjini Apia Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Basi la asubuhi humfikisha. Tatizo ni kurudi: anapotolewa kwenye mashine, basi la mwisho limeshaondoka, na yeye hawezi kusimama muda mrefu. Kurudi hutegemea pikapu ya mpwa wake. Januari pikapu iliharibika, Peta akakosa hospitali mara mbili, na miguu yake ikavimba hadi viatu vikakataa kuingia.

Kwa hiyo, Shemasi Seuli aliposema anauza gari lake dogo la kijivu, kijiji kizima kiliona jambo limekwisha. Gari lilikuwa safi, viti vimefunikwa kwa kitambaa cha maua. Seuli alishazungumza na mchungaji: Jumapili, baada ya ibada, gari liombewe, kisha watu wale chakula pamoja.

Hapo ndipo Fuatino alipopata wasiwasi. Gari likishaombewa, hakuna wa kulirudisha. Binamu yake Malaki alinunua gari lililoombewa namna hiyo; injini ilikufa wiki iliyofuata, na mpaka leo limekaa chini ya mshelisheli, kuku wanatagia kwenye kiti cha nyuma. Malaki hajamlalamikia muuzaji hata siku moja. Angelalamikaje? Ingekuwa kama kusema sala ya mchungaji haikufika.

Alhamisi jioni Fuatino alikwenda kwa Seuli pamoja na mama yake. Wakaketi kwenye mkeka, wakanywa chai.

"Mzee," Fuatino alisema, "naomba fundi mmoja wa Apia aliangalie kabla ya Jumapili."

Seuli aliweka kikombe chini. "Miaka sita naliendesha. Fundi ndiye atakayeniambia gari langu lina nini?"

"Samahani, Mzee. Ni kwa ajili ya mama. Ana hofu na magari asiyoyazoea."

"Usinisingizie," Peta alisema. "Mimi hata toroli napanda."

Seuli alicheka, Fuatino akatazama mkeka. Peta akanywa chai kidogo, kisha akamgeukia shemasi.

"Seuli, hilo gari umewahi kulivusha mlima wa kwenda Apia?"

"Mlima wa nini? Naenda kanisani, narudi nyumbani. Mjini nakwenda na mwanangu, kwa gari lake."

"Basi kesho nivushe wewe. Nikifika salama, liombeeni hiyo Jumapili."

Kumnyima mama mzee safari ya hospitali halikuwa jambo linalowezekana kwa shemasi. Ijumaa asubuhi walipanda, Peta mbele, Fuatino nyuma. Gari lilipanda barabara ya mlimani ya Le Mafa bila shida, na Seuli akaanza kupiga mluzi. Kwenye mteremko wa upande wa pili mluzi ulikatika. Fuatino aliona goti la shemasi likishuka na kupanda, likishuka na kupanda.

"Mzee, kuna nini?"

"Breki inaingia mpaka chini." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nyamazeni kwanza."

Alishusha gia, akaliachia gari litambae pembeni mwa barabara huku akivuta breki ya mkono kidogo kidogo, hadi likasimama penye nyasi. Kisha Peta akafungua mkoba wake, akatoa andazi, akampa shemasi nusu.

"Kula kwanza."

"Sikujua, Peta. Naapa sikujua."

"Ungejua, ungenipakia na wewe ukae kwenye usukani?"

Lori la matofali liliwachukua hadi hospitali. Fundi mmoja wa Apia alilifuata gari mchana, akaliinua kwa jeki. Bomba la breki la nyuma lilikuwa limeliwa na kutu na kutoboka. Gari lilikuwa limelala miaka sita hatua chache kutoka baharini, chumvi ikifanya kazi yake bila kuonekana. Fundi alisema bomba linaweza kubadilishwa, lakini lazima achunguze sehemu yote ya chini ya gari kabla ya kusema linafaa kununuliwa.

Jumamosi Seuli alikwenda mwenyewe kwa mchungaji kuomba baraka isubiri. Alimwambia sababu, mbele ya mke wa mchungaji, bila kuificha.

Gari litabaki kwa fundi wiki ijayo, na bomba jipya atalilipia Seuli. Fuatino atalinunua ikiwa sehemu ya chini itakuwa nzima. Ikiwa imeoza, ataendelea kutafuta. Jumatatu Peta atakwenda hospitali kwa basi, na mwana wa Seuli atamsubiri mlangoni kumrudisha.