Miezi Tisa ya Ukalimani

Mapema miaka ya sabini, nikisoma shahada ya pili ya fasihi katika chuo kikuu cha bara, ulianzishwa mpango wa kututoa madarasani. Wakubwa waliona sisi wa mashairi na historia tumezidi kukaa na karatasi. Kila mmoja alipewa posho ya miezi tisa na kupelekwa kwenye kazi isiyohusiana kabisa na masomo yake. Mwenzangu wa historia alikwenda bandarini. Mimi nilirudishwa kwetu Unguja, katika hospitali moja ya mjini, niwe mkalimani wa daktari mgeni aliyetoka ng'ambo.

Daktari huyo alikuwa mtu mzima, mpole, na Kiswahili chake kilikuwa maneno matatu: pole, vua na kesho. Mengine yote yalipita kwangu. Mama yangu alicheka nilipomweleza. "Miaka yote hiyo ya kusoma, binti yangu, mwisho umekuwa mfasiri wa vidonda," alisema. Sikujali. Nilijiona, na sioni haya kulisema. Nilizaliwa Mji Mkongwe, lugha niliinyonya, kisha nikaisomea. Niliamini nitasikia kwa wagonjwa yale ambayo wengine hawasikii.

Asubuhi moja aliingia bibi kutoka Chwaka, umri wake kama hamsini hivi, msukaji mikeka, vidole bado vina rangi ya ukili.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu."

"Unaumwa nini?"

"Roho yaniuma. Chakula hakipiti, hata uji." Akaweka kiganja juu ya kanga, chini kidogo ya shingo.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ilipokuja barua ya mwanangu."

Hapo nikayaacha maswali ya daktari nikauliza yangu. Mwana gani? Barua gani? Alinijibu kwa adabu. Alikuwa na mtoto mmoja tu, aliyeondoka mwaka wa Mapinduzi akaenda Arabuni. Sasa ameandika kuwa kaoa huko na mama asimngoje.

Nilimgeukia daktari nikamwambia kwa Kiingereza kwamba mama huyu anaumwa na huzuni, na hamu ya chakula imemtoka kwa ajili ya mwanawe. Nililisema vizuri sana. Nilikuwa nimetoka kwenye miaka mitatu ya mashairi ambamo roho haikai kwa amani hata ubeti mmoja: mara inalia, mara inaungua. Daktari aliweka kalamu chini, akamtazama yule bibi kwa huruma. "Pole," alisema. Hakumwambia afungue kinywa. Akamwandikia vidonge vya kutuliza na kumpa usingizi.

Kabla ya kwenda dirisha la dawa, bibi alinishika mkono. "Ahsante, mwanangu. Umenisikiliza."

Jioni ile niliandika ripoti yangu ya kwanza ya mpango. Tulitakiwa tueleze jinsi elimu yetu ilivyowafaa watu. Nilimweka yeye mwanzo kabisa. Walimu wangu waliipenda ripoti hiyo, wakaisambaza kwa wenzangu wote isomwe.

Bibi alirudi baada ya miezi miwili. Kanga iliyokuwa ikimtosha sasa ilimzunguka ikabaki. Siku hiyo chumbani alikuwemo nesi mmoja wa Makunduchi, mwanamke wa makamo aliyekuwa likizo ile mara ya kwanza. Sikuwahi kufungua mdomo.

"Una nini, Bi?" aliuliza nesi.

"Roho, ile ile." Sauti ilikuwa imekwaruza.

"Yauma ukimeza?"

"Naam."

Nesi akamgandamiza ulimi kwa kijiko, akamulika ndani, akampapasa shingo kwa vidole viwili. Kisha akamwita daktari bila kupitia kwangu. Aligusa koo lake mwenyewe, akamwonyesha. Haikuhitaji mkalimani.

Kwetu roho ni koo pia. Si neno la siri, wala la wazee peke yao. Kila tulipokula samaki mama alituambia, "Tafuna taratibu, mwiba usije ukakukwama rohoni." Nimelila neno hilo pamoja na wali tangu nilipoota meno. Naye bibi wa watu aliniambia koo linamuuma, akanionyesha na kwa mkono. Barua aliitaja kwa sababu niliuliza tangu lini. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa ulimi, dole lililotoka damu likawa la mwenzangu.

Daktari alimpima muda mrefu. Alipokuwa ananawa mikono nikamuuliza: je, kama tungelitazama koo lake miezi miwili nyuma? Alisema labda tungeweza kufanya kitu, na labda tusingeweza. Labda hizo mbili ninazo hadi leo, na sijui nimlilie bibi kwa ipi.

Kisha akanituma nimweleze. Nilimwambia ana uvimbe rohoni na hospitali haina uwezo wa kuuondoa. Aliuliza kama anaweza kuendelea na vile vidonge, maana vilimpa usingizi. Nikasema anaweza. La kosa langu sikulisema. Nilijiambia nitamwambia akija tena.

Hakuja tena. Nesi ndiye aliyeniletea habari ya kifo chake. Nikapanda gari la shamba la kwenda Chwaka siku ya hitima, na njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kuomba radhi. Nilikusudia kuwaambia watu wake wote, liwalo na liwe.

Dada wa marehemu alinipokea mlangoni. Nilipojitaja kuwa natoka hospitali alinitazama, macho yakajaa.

"Wewe ndiye yule binti mkalimani? Marehemu kakutaja mpaka mwisho. Akisema, hospitali nzima yule mtoto tu ndiye aliyenifahamu."

Akanivuta ndani, akanikalisha ubavuni pake mbele ya wanawake wote. Miaka ile mchele haukupatikana, basi hitima ilikuwa ya muhogo wa nazi. Alinisogezea sahani.

"Kula, mwanangu. Umetoka mbali."

Nilifungua kinywa niseme. Wote walikuwa wananitazama kwa upendo, nami nikatia tonge. Likanikwama rohoni. Yule dada alinipiga piga mgongoni, akanipa maji, akaniambia nisilie sana, kwani marehemu hakuniachia ila radhi.