Kitako cha Mtungi na Ukwaju wa Bibi Mahfoudha

Himid wa Firq, yule mrefu anayejibu kila kitu kwenye grupu la familia kwa stika ya ngamia, ana kazi ambayo hata mama yake haielewi. Akiulizwa, mama husema, "Anabeba udongo." Si uongo. Watu wa mambo ya kale wanafukua huko milimani, wilaya ya Dima wa Tayyin, Himid anapakia makreti kwenye pikapu na kuyashusha ghalani Nizwa. Kibarua tu. Mkataba ndio alioutaka kuliko kitu chochote, maana baba wa msichana aliyemtaka alikuwa akiulizia mkataba kabla hajamaliza kuitikia salamu.

Mkuu wao, Dokta Abeer, alimwahidi: "Mtungi huu ukileta jibu zuri, mradi unaendelea, na wewe unapata mkataba."

Mtungi wenyewe ulibaki kitako tu, ndani kimegandamana kitu cheusi. Dokta alishuku watu wa kale wa pale walilima zabibu na kukamua mvinyo, na ule weusi ukipimwa utasema. Sharti moja: kisioshwe, kisiguswe. Kikafungwa foili kama shawarma.

Alhamisi Himid akafika nacho ghalani, kumefungwa mpaka Jumapili. Kukiacha kwenye pikapu kwa joto lile, haiwezekani. Akakipeleka kwa bibi yake, Mahfoudha, aliyezaliwa Unguja, akakiweka jikoni kwenye ubaridi. Akalala. Ijumaa akaamshwa na harufu ya samaki wa ukwaju. Akala, akasifu, akatuma picha kwenye grupu. Jumapili akakifikisha kitako ghalani, kikapelekwa maabara.

Majibu ya maabara yalipokuja, Dokta Abeer aliwamiminia kahawa wote kwa mkono wake.

"Ipo! Asidi ya tartariki. Tena nyingi kuliko nilivyotarajia."

"Ndo nini hiyo, dokta?" akauliza Himid, tende mdomoni.

"Alama ya zabibu. Vitu vichache vinayo kwa wingi hivi. Zabibu, ukwaju..."

Tende ikamkwama.

"...lakini ukwaju, zama zile, mlimani huku? Sitarajii. Jumatatu natangaza. Na wewe Himid, lete bitaqa yako ya kitambulisho tuandike mkataba."

Himid aliendesha mpaka Firq bila kuwasha redio.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mbona umekuwa kama umeona jini?"

"Bibi, ile Ijumaa ya samaki, ukwaju uliroweka kwenye nini?"

"Kwenye kile kijungu chako kibovu. Plastiki inauharibu ukwaju, udongo ndo wenyewe. Nikakifuta, nikakifunga foili mpya. Yako ilikuwa imechanika."

"Bibi! Kile hakiguswi!"

"Uliniambia?"

Hakuwa amemwambia. Alikuwa amelala.

Akamweleza yote. Bibi akasikiliza mpaka lilipofika neno mvinyo.

"Astaghfirullah. Ina maana Jumatatu wale maiti wataitwa walevi kwa ukwaju wangu?"

"Labda walikunywa kweli, bibi."

"Kama walikunywa watajibu wenyewe. Mie siwaongezei."

"Na mkataba wangu?"

"Unataka kuoa kwa kuwasingizia maiti? Piga simu. Weka spika."

Himid akapiga. Bibi akamnyang'anya simu, akaeleza kila kitu kwa Kiarabu chake chenye Kiunguja ndani, pamoja na kiasi cha ndimu na kitunguu thomu.

"Samaki gani, khala?" akauliza Dokta Abeer.

"Nguru."

"Shukran." Simu ikakatwa.

Jumatatu hakikutangazwa kitu. Mkataba haukutajwa tena. Himid akanyang'anywa ufunguo wa pikapu, akapewa chekeche, akawa anachekecha majivu juani. Kwenye grupu wakamtengenezea stika: yeye mwenyewe, kichwa cha ukwaju. Ilipendwa kuliko ngamia.

Akachekecha mpaka pua ikambabuka. Siku moja, katika majivu ya jiko lililotoka chini ya sakafu ya kale, kikabaki kitu cheusi, kidogo kuliko punje ya mchele. Himid akalilaza chekeche chini taratibu, akainua mikono juu kama mtu aliyekamatwa.

"Dokta! Njoo! Sijakigusa!"

Dokta Abeer akalala kifudifudi na lenzi yake. Akakaa hivyo muda mrefu.

"Kokwa ya zabibu. Imeungua."

"Kwa hiyo mvinyo?"

"Kwa hiyo zabibu. Mvinyo bado sijui. Labda walizila tu." Akainua kichwa. "Bibi yako hajawahi kufika hapa?"

"Hajafika."

"Una hakika?"

"Wallah, dokta. Hata njia haijui."

Dokta akakitia kile kitu kwenye kichupa, akakifunga, akakitia mfukoni mwake mwenyewe. "Basi kesho lete bitaqa."

Himid akaandika habari kwenye grupu. Zikamiminika stika. Bibi hajui stika, akatuma sauti:

"Alhamdulillahi, mwanangu. Sasa muulize dokta, kile kitako wameshamaliza nacho?"